Ziara ya Krismasi kwa miguu na mama mwenye goti bovu: Gamla Stan, Copenhagen au Bergen?

Mlowezi

Wanajukwaa, nawasalimu nyote, na wakubwa wangu shikamooni. Mama yangu, ambaye ametimiza miaka 68, anakuja kutoka Moshi kunitembelea hapa Malmö, Sweden, mwanzoni mwa Desemba, na ameniomba jambo moja tu: nimpeleke katika mji wa kale aone jinsi watu wa huku wanavyojiandaa kwa Krismasi. Ningependa tutembee na mwongoza watalii, kwa sababu katika miaka minne niliyoishi huku nimepita kwenye vichochoro hivyo mara nyingi pasipo kujua ninapita wapi. Nimebakiwa na miji mitatu, yaani Gamla Stan ya Stockholm, Copenhagen ya Denmark, na Bergen kule Norway, lakini mfuko wangu unaruhusu safari moja. Goti lake la kulia humsumbua, hanywi pombe, na theluji ameiona juu ya Kibo tu, kwa mbali. Mngechagua upi?

Kichochoro

Kama lengo ni kusimuliwa, sioni mji wa kushindana na Gamla Stan. Ni kisiwa kidogo, na uwanja wake mkuu, Stortorget, ndio unaopangwa vibanda vyekundu vya soko la Krismasi, vyenye soseji, jibini, mishumaa na lozi zilizokaangwa kwa sukari. Pale pale, Novemba 1520, Mfalme Christian II wa Denmark aliamuru kuuawa kwa watu zaidi ya 80, wakiwamo maaskofu wawili. Mwongozaji anayeijua kazi yake huwaacha wageni washike kwanza vikombe vya glögg, ule mvinyo uliochemshwa kwa mdalasini, iliki na karafuu, ndipo awaonyeshe mawe meupe yaliyopachikwa kwenye nyumba nyekundu ya uwanjani na kuwaambia kwamba wenyeji husema kila jiwe ni kichwa cha mtu. Si kweli, kwa kuwa mawe hayo yaliwekwa zaidi ya miaka 100 baadaye, lakini hapo hakuna anayekumbuka kunywa. Glögg isiyo na kilevi huuzwa pia, kwa hiyo mama hatabaki mikono mitupu.

Halafu yupo Järnpojken, mvulana wa chuma, katika ua ulio nyuma ya Kanisa la Kifini, jirani na Ikulu. Ni sanamu ya sentimita 15 tu, ameketi amekumbatia magoti yake akitazama juu. Wakati wa baridi watu humfumia kofia na skafu, na nilipompitia Desemba iliyopita alikuwa amevalishwa kofia ya kijani, na sarafu tatu zimelala miguuni pake.

Chagueni ziara inayoanza saa nane mchana. Katikati ya Desemba jua la Stockholm huzama kabla ya saa tisa, hivyo mtaanza na mwanga na kumalizia chini ya nyota za karatasi zinazowaka madirishani.

Karafuu Kavu

Ndugu Kichochoro ameeleza vizuri sana, ila goti amelisahau. Gamla Stan ina mawe ya duara yaliyotandikwa barabarani, na yakishapata barafu hayana huruma na mtu. Waongozaji wengi hupenda kuwapitisha wageni Mårten Trotzigs gränd, kichochoro ambacho mahali pake pembamba pana sentimita 90 tu, nacho kina ngazi 36. Mwaka juzi nilimpeleka shangazi yangu katika ziara moja ya huko. Tulikuwa kundi kubwa mno, mwongozaji akienda mwendo wa askari, na sisi tulikuwa tukifika kila kituo wakati hadithi inaisha.

Kwa mtu anayeishi Malmö mimi ningesema Copenhagen. Mnavuka daraja kwa treni, na mama akichoka mnarudi nyumbani jioni ile ile. Mbebe pasipoti tu, kwa sababu ukaguzi unaweza kufanyika mnaporejea Sweden. Mji ni tambarare, na hata Rundetårn, mnara wa Mfalme Christian IV uliokamilika 1642, hupandwa kwa njia ya mteremko inayozunguka ndani yake, ngazi zikiwa chache tu kule juu kabisa. Nyhavn, mtaa wa kale ulio kando ya maji, mtaonyeshwa nyumba alizokaa Hans Christian Andersen, mwandishi wa hadithi za watoto, na mwongozaji mzuri hataacha kuwaeleza habari ya stempu za Krismasi, wazo la karani wa posta Einar Holbøll, zilizoanza kuuzwa Denmark mwaka 1904 ili kusaidia watoto wenye kifua kikuu. Mama aliyewahi kubandika stempu kwenye kadi za Krismasi ataielewa habari hiyo kuliko ya vichwa kukatwa.

Mvua Haina Mwenyewe

Naishi Bergen, na bado nitakushauri usimlete Desemba. Mvua hapa hunyesha zaidi ya siku 200 kwa mwaka, na mbao za kukanyagia katika vichochoro vya Bryggen, mtaa wa nyumba za kale za mbao bandarini, huteleza kama sabuni. Hata hivyo, ili mji usionewe, niseme kwamba hadithi ya baridi iliyo bora ni ya kwetu: wafanyabiashara wa Kijerumani walioweka ofisi yao hapa tangu karibu mwaka 1360 hawakuruhusiwa kuwasha moto katika nyumba zao za mbao, wakalala kwa baridi kali majira yote, na kuota moto kukawa ni katika kumbi maalumu zilizojengwa nyuma ya safu ya nyumba. Mji uliungua mwaka 1702 hata hivyo. Mlete Juni.

Kichochoro

Nakubali kosa la goti. Ila Copenhagen iliteketea 1728 na 1795, kisha Waingereza wakaipiga mizinga 1807, kwa hiyo anayetaka mji wa kale hasa ataukuta kwa vipande. Dawa ya barafu ni broddar, ile mipira yenye misumari midogo inayovalishwa juu ya viatu, na dawa ya makundi ni kuuliza kabla ya kulipa ni watu wangapi watakaotembea pamoja. Ngazi zile 36 mnaweza kuziangalia mkiwa chini.

Mlowezi

Ahsanteni sana. Jana nilimpigia mama simu nikamsomea majibu yote, nikiwa nimekwisha kuegemea Copenhagen kwa sababu ya treni na ule mnara. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama yule mtoto wa chuma hukaa nje usiku kucha, nami nikamjibu kwamba ndivyo. Kwa hiyo tunakwenda Stockholm: tutapanda treni siku moja kabla, mama apumzike, na kesho yake tutatembea na kundi la watu wasiozidi kumi, kuanzia saa nane mchana, bila zile ngazi. Broddar nimenunua jozi mbili.

Ndugu Kichochoro, nina swali la mwisho. Mama ameanza kufuma kwa uzi mwekundu na anataka kujua kichwa cha huyo mtoto kina mzunguko wa sentimita ngapi.

Kichochoro

Jumamosi nitapita na utepe wa kupimia.