Kaburi la Ngwair limegeuzwa genge la maua, na muuzaji mnamjua

Wakuu, naandika mkono unatetemeka. Jina simtaji, sina hela ya wakili, na hata hivyo mnamjua. Yule wa miwani nyeusi saa nne usiku.

Leo 28 Mei, siku aliyotutoka rapa wetu wa Bongo Fleva, Albert Mangwea, yaani Ngwair. Nimeamka nikasema nimkumbuke Ngwair kistaarabu, nipige nyimbo mbili tatu halafu niende kibaruani. Nafungua TikTok, jamaa yuko laivu. Wapi? Makaburini Kihonda, Morogoro, alikozikwa! Taa ya duara kaichomeka kwenye udongo kama mwenge wa uhuru, kamkanyaga marehemu jirani ili apate engo. Analia kwa jicho moja, la pili linasoma komenti.

Halafu akatamka: "Familia, kama kweli mlimpenda Mangwea, nitumieni maua."

MAUA! Umekuja kaburini mikono mitupu, hata ua la kuchuma njiani huna, unaomba maua ya TikTok, zile zawadi zinazogeuka hela, yaingie kwenye akaunti YAKO? Afe Ngwair, maua upewe wewe? Nimerudia kuangalia mara kumi na saba nikijua nimesikia vibaya. Maua.

Eti "mimi na kaka Albert tumetoka mbali, tangu a.k.a. Mimi." Albamu ya 2004 hiyo! Wewe 2004 ulikuwa unasukuma tairi bila kaptula. Mwaka 2013 mwili ulipotoka Johannesburg tulipanga foleni kumuaga Leaders Club, Dar, jua la utosi, wengine tukaunga mpaka Moro. Hatukukuona. Au ulikuwa kwenye foleni ya soda?

Akamalizia kwa kupiga wimbo wake mpya. Huo nausamehe, mbaya lakini mfupi. Ila maua, wakuu. Maua!

Kobazi Moja: Uzi bila picha ni umbea.

Bitozi wa Msamvu: Mtoa mada sema ukweli, wewe ulituma maua mangapi?

Mtoa mada: Moja. Kidole kiliteleza.

Bitozi wa Msamvu: Kikateleza mpaka kwenye namba ya siri ya M-Pesa? 😂😂

Kobazi Moja: Apewe maua yake jamani.

Mjukuu wa Wakilisha: Nyie shukuruni, wenu anakumbukwa hata kwa utapeli. Langa, rapa wa kundi la Wakilisha, alifuata 13 Juni mwaka uleule, wiki mbili tu. Leo nani anamposti? Hata tapeli hatuna!

Shemeji wa Nairobi: Afadhali nyie. E-Sir, rapa wetu wa Kenya, alituacha kwa ajali 2003, na kila Machi ni picha ileile yenye ukungu. Kuna mmoja alikosea akaweka ya Nameless na mishumaa. Nameless yuko hai!

Area C: Mnasema Moro, Moro. Ngwair ni mtu wa Dodoma. Kundi lake la Chamber Squad lilitokea wapi? Na Mez B wa kundi hilohilo naye katangulia 2015, hapa kwetu. Kihonda mnatunza tu.

Bitozi wa Msamvu: Kalala kwa nani? Basi.

Uyole Juu: Kazaliwa Mbeya. Tunaomba mgao wetu wa maua.

Mtoa mada: Wakuu hamjaelewa. Alikuwa AMESIMAMA kaburini. Akasema maua.

Kobazi Moja: Tumesikia mkuu, kanywe maji.

Area C: Bitozi, Jumamosi nakuja na SGR tuyamalize ana kwa ana.

Bitozi wa Msamvu: Njoo, ila usije na chakula. Juzi nimekaa na mama kafungua dagaa, behewa zima madirisha hayafunguki. Nimeshuka Moro mke wangu kaniuliza nimeanza uvuvi lini.

Uyole Juu: Dagaa siyo kosa. Kosa ni mayai ya kuchemsha.

Shemeji wa Nairobi: Huku ni wale wa kuongea na simu kwa spika, Nairobi mpaka Mombasa.

Mtoa mada: Turudi kwenye maua basi?

Kobazi Moja: Subiri kwanza. Dagaa wa Mwanza au wa Kigoma?