Sherehe ya maua ya mitufaha, Herefordshire

Mkaazi wa Birmingham: Ndugu zangu, salaam. Wanangu hawajawahi kuona mitufaha ikichanua, nami nimesikia kwamba kijiji cha Putley, kaunti ya Herefordshire, huadhimisha bustani zake za kale mwanzoni mwa Mei. Kuna nini cha kuona, na kwa nini miti hiyo ienziwe hivyo?

Bi. Mkulima: Nenda nao, dada. Watu hutembea bustanini maua yakiwa yamechanua, na watengenezaji hushindanisha pombe za tufaha na za pea, wakionja na kupimana wao kwa wao, jambo ninalolipenda kuliko yote. Bustani za kale zina miti mirefu iliyopandwa kwa nafasi, kondoo wakilisha chini yake, na mpea waweza kuishi zaidi ya miaka 200. Mashimo ya miti mikongwe ndiyo makazi ya mbawakawa adimu ambaye viluwiluwi vyake hula mbao zinazooza, kwa hiyo kung'oa mti mzee kwa kuwa hauzai sana ni hasara kubwa.

Mzee wa Shamba: Naongeza kwamba, kwa mujibu wa utafiti wa 2022 wa National Trust, shirika la kuhifadhi mazingira na majengo ya kale, Uingereza na Wales zimepoteza asilimia 81 ya bustani hizo tangu 1900. Mipea hutangulia kuchanua, hivyo mkichelewa mtakuta mitufaha peke yake.

Mkaazi wa Birmingham: Ahsanteni sana. Tutakwenda.