Episodi ya kwanza ipi nimwekee baba mkwe: Lost, Prison Break, Breaking Bad au 24?

Reli_ya_Kati:
Wakuu heshima kwenu. Baba mkwe yuko kwangu hapa Dar wiki ya pili sasa, kaja kutolewa mtoto wa jicho, jicho moja tayari, la pili bado anasubiri tarehe, na mzee ratiba yake ni taarifa ya habari saa mbili, mpira kama upo, kisha kulala. Kastaafu reli, alikuwa fundi wa vichwa vya treni, Kiingereza anakisikia kuliko mimi. Ila sizoni hataki hata kuzisikia, anasema ni picha za watu wasio na kazi. Sasa juzi tukabishana mpaka tukawekeana dau, nimwekee episodi MOJA tu, ya kwanza, akinyanyuka kwenye kochi kabla haijaisha basi simsumbui tena maisha. Jumamosi wife ana kikao cha harusi, tutabaki wawili.

Kwenye flashi ninazo nne, Lost, Prison Break, Breaking Bad na 24. Mimi binafsi naelekea Lost. Ile inaanza jicho linafunguka, jamaa kalala chali katikati ya mianzi na suti yake, hajui yuko wapi na wewe hujui, mara anakimbia anatokea ufukweni, ndege imekatika vipande, watu wanapiga kelele. Hakuna cha utangulizi.

Masharti mawili. Sabutaito haziwezi, macho ndiyo hayo. La pili ni heshima, yule ni MKWE, sitaki kutafuta rimoti gizani.

Kibatari:
Hahaha hapo kwenye rimoti umenikumbusha mbali. 2011 Game of Thrones imetoka tu, mimi na ujinga wangu nikaiweka sebuleni shangazi yuko pale anachambua mchicha, nikajua ni picha la mapanga na farasi. Mkuu nilijifanya umeme umekatika, nilichomoa waya ukutani.

Na wala siyo episodi mbaya, ile mwisho mtoto anasukumwa kutoka kwenye mnara ilininyima usingizi. Ila kwa mkweo usithubutu.

Mama_Wawili:
Breaking Bad ndiyo episodi ya kwanza bora kuliko zote na sibishani na mtu. Suruali inapaa hewani jangwani, gari la kulala linakuja spidi, dereva kavaa chupi nyeupe na barakoa ya gesi, anashuka anajirekodi kwenye kamera anaaga familia yake, ving'ora vinasogea, anasimama barabarani na bastola. Halafu wanakurudisha nyuma wiki tatu unamkuta mwalimu wa kemia. Anatimiza miaka 50, mkewe kampangia namba 50 kwa vipande vya bekoni ya mboga juu ya mayai, jioni anaosha magari kwa sababu mshahara hautoshi, na gari analopiga magoti kuosha matairi ni la mwanafunzi wake mwenyewe!! Kisha anaambiwa ana saratani ya mapafu na wakati daktari anaongea yeye anaangalia doa la haradali kwenye koti la daktari. Mimi ni mwalimu jamani, ile ya matairi niliisimamisha nikaenda kunywa maji.

Wengi hawajui kupanda hivyo. Kwingine anakuwa mhalifu kwa sababu hadithi inataka mhalifu, hapa mpaka anachukua ile hatua ya kupika dawa za kulevya wewe mwenyewe ushamruhusu.

SASA kwa mkweo. Steringi yuko na chupi dakika ya kwanza kabisa. Halafu usiku wa bethidei kuna mambo ya chumbani, na yule Jesse, mwanafunzi wake wa zamani, anatoroka dirishani kwa jirani na mwanamke yupo dirishani hajavaa. Kwa hiyo hapana, itazame mwenyewe.

Otish_254:
Niaje wadau. Mimi nasema 24. Budangu alikuwa na sheria moja tu, ikifika saa tatu TV ni yake, na hiyo ndiyo kitu pekee ilimtoa kwa habari. Sababu ni rahisi, saa ile iko pale kwa skrini inahesabu, episodi moja ni saa moja ya siku, inaanza saa sita ya usiku kule Los Angeles, na mzee wa kazi kama huyo anaelewa saa. Jack Bauer, ofisa wa kupambana na ugaidi, anaambiwa kuna mtu anataka kumuua Palmer, mgombea mweusi wa urais, siku ya kura za mchujo, na saa hiyo hiyo msichana wake ametoroka nyumbani kwa dirisha. Kazi na nyumba zote zimeshika moto pamoja, mzazi yeyote anashikika hapo. Na hiyo ni Novemba 2001, Obama hata hatujamjua.

Kibatari:
Otish umesahau choo cha ndege wewe. Yule dada na mpiga picha. Unamtafutia mwenzio kesi na mkwewe?

Otish_254:
Aaai kweli. Lakini si ni sekunde kidogo tu, mwambie mzee ungependa maji, uende jikoni umuache nayo 😂

Dogo_Keko:
Wazee mnaongelea vitu vya DVD za kichina zile sizoni 5 kwenye diski moja. Squid Game mkuu. Episodi ya kwanza watu 456, wote wana madeni, wanachezeshwa mchezo wa watoto wa kusimama na kwenda, doli likigeuka ukitikisika risasi, wanabaki 201. Mle huhitaji kuelezwa kitu, kila mtu hapa ana deni na kila mtu alicheza mchezo utotoni. Sehemu kubwa ya episodi ni jamaa tu anapata aibu, kala hela ya mama yake kwenye kamari ya farasi, bethidei ya mtoto wake anampa kiberiti cha umbo la bastola. Ndiyo maana doli likianza kuua unaumia, kama wangeanza na doli ungeona ni gemu tu.

Reli_ya_Kati:
Dogo hiyo nimeiona na nakubali ila Kikorea, sabutaito.

Dogo_Keko:
Kuna ya sauti za Kiingereza.

Reli_ya_Kati:
Zile sauti mdomo unafunga neno linaendelea, mzee atacheka picha nzima. Na damu ile siku mbili kabla hajarudi hospitali sitaki.

Bi_Forodhani:
Mie nawasoma tu hapa nacheka. Lost hebu mwogopeni Mungu, mtu mzima mnamwonesha kitu cha misimu sita halafu mwisho anabaki anauliza kama wale watu walikufa au hawakufa. Hiyo ni kumkaribisha mtu kwenye biriani, unamwonesha sufuria, kisha unampa uji.

Kibatari:
Bibie uzi unahusu episodi ya kwanza, mwisho wake hauhusiani.

Bi_Forodhani:
Unahusiana sana. Episodi ya kwanza ni ahadi. Yule Charlie, mmoja wa walionusurika, mwisho wa pailoti anapouliza tuko wapi, wameshatupa dubu wa barafu kwenye kisiwa cha joto, wametupa sauti ya Mfaransa kwenye redio inayojirudia miaka 16, wametupa na dude linalong'oa miti. Ni rahisi kuuliza maswali ikiwa hujajipangia kuyajibu. Mie hata mie nikikaa barazani naweza kuwatungia maswali mpaka alfajiri.

Fundi_Sauti:
Bi Forodhani uko sawa nusu. Tukumbushane pailoti ni nini maana watu wanachanganya. Kwa Wamarekani ile episodi ya kwanza mara nyingi inapigwa peke yake kama sampuli, wakubwa wa stesheni waitazame waamue kama watoe hela ya zilizobaki. Kwa hiyo inatengenezwa na watu ambao hawajui kama kutakuwa na ya pili, wanamwaga kila walichonacho mezani. Lost ndiyo mfano mwenyewe, ile pailoti ya sehemu mbili inatajwa kati ya dola milioni 10 na 14, walipeleka mabaki ya ndege ya kweli mpaka ufukweni Hawaii, na aliyeiagiza pale stesheni ya ABC alifukuzwa kazi hata haijaanza kuonyeshwa. Na mpango wa mwanzo yule Jack mliyemzoea, yule wa kwenye mianzi, alikuwa afe humo humo kwenye pailoti, wakubwa wakasema mtazamaji hatawasamehe, ndipo akafa rubani badala yake.

Na Game of Thrones ya Kibatari pailoti ya kwanza ilikuwa mbovu mpaka ikabidi ipigwe karibu yote upya, Daenerys wa kwanza hakuwa Emilia Clarke, alikuwa mwigizaji mwingine. Sherlock ya BBC nayo hivyo hivyo, walipiga ya saa moja wakaiweka kabatini wakapiga nyingine ya saa moja na nusu.

Kwa mzee mwekee Prison Break. Ndiyo pekee kati ya zako nne ambayo episodi ya kwanza inakwambia kila kitu isipokuwa itakavyofanyika. Kaka kahukumiwa kunyongwa (sawa, ni kiti cha umeme), mdogo mtu ni injinia wa majengo, anaingia benki anafyatua risasi juu, hataki hata hela anasubiri polisi, apelekwe gereza lile lile. Fundi atapenda, michoro ya jengo iko mwilini.

Kibatari:
Umemaliza spoila yote hahaha. Ila naunga mkono hoja.

Mama_Wawili:
Naunga mkono kwa shingo upande. Kuna kuchomana kidogo ila nguo zipo. Tunasubiri mrejesho.

Reli_ya_Kati:
Wakuu mrejesho, samahani nimechelewa, jana nililala na leo nimempeleka mzee kanisani.

Kwanza nilijaribu Lost, nakiri, roho ilikataa kuiacha. Ilifika pale injini bado inazunguka mchangani inamvuta mtu, mzee akauliza "hiyo inapata wapi mafuta, bawa limekatika?" Nikasema baba ni picha. Akasema picha ya injini iwe na injini. Nikatoa flashi kama inaungua nikachomeka upya nikaweka Prison Break, tukakubaliana ile ya kwanza ilikuwa majaribio ya spika.

Benki akatazama kimya. Tatuu akaguna. Sucre, mfungwa wa selo moja na yule injinia, anatafuta neno la kumwandikia mchumba akacheka kidogo, nikajua kochi limemshika. Ila wakuu, ile michoro mwilini, ile ambayo Fundi_Sauti alisema atapenda, haikumgusa KABISA. Kilichomgusa ni mkuu wa gereza. Mnakumbuka pale anamwita Michael, yule injinia, ofisini, ana mfano wa Taj Mahal anaujenga kwa vijiti, zawadi ya mkewe, anaeleza kwamba kuolewa na mtu wa magereza ni maisha mabaya, na mama wa watu miaka yote hajalalamika wala yeye hajawahi kumwambia asante, sasa kwa kuwa kusema kumemshinda kaamua kujenga. Mimi ile sehemu nimeitazama mara nne tano maishani na kila mara naona ni ya kupitisha muda.

Mzee akasema "rudisha hapo."

Nikarudisha. Akasikiliza tena kasogea mbele jicho moja lina kiwambo cha plastiki. Mama mkwe alifariki 2016, walihamishwa stesheni kama saba hivi, Tabora, Kigoma, Dodoma na kwingine, watoto watatu wamezaliwa mikoa mitatu. Hakusema kitu kuhusu hilo, mimi pia sikuuliza. Ikaisha mpaka maandishi yanapita, hajanyanyuka, kumbe wife karudi kitambo kasimama mlangoni na viatu mkononi.

Dau nimeshinda ila sikudai. Wakati anaenda kulala kasimama koridoni akaniuliza kama yule kijana atakubali kumsaidia yule mkuu kuimalizia nyumba ya mkewe, maana ile paa kwa macho yake haijakaa sawa, itaanguka. Nikamwambia baba, hizi za mwanzo ziko 22.

Akasema basi kesho baada ya habari.

Dogo_Keko:
Na hizo 22 zote unazo au ni episodi ya kwanza tu?

Reli_ya_Kati:
Ya kwanza tu 😭 mwenye ya pili anitafute kabla ya saa mbili usiku.