Oili gani inafaa Honda CG125 ya zamani? Klachi inateleza, naomba ushauri

Mwana_Igoma
Wakuu, salaam. Nina Honda CG125 ya mwaka 1984, ile ya umeme wa volti 6, niliyoachiwa na mzee. Alikuwa bwana shamba, aliizungusha Magu na Misungwi enzi hizo barabara ni vumbi tupu. Bado inawaka kiki ya kwanza. Asubuhi inatoa moshi kidogo wa bluu, ikipata joto moshi unakata.

Mwezi uliopita mdogo wangu aliipeleka kubadilisha oili, wakamwekea ya gari, sintetiki 5W-30, eti ya bei kubwa ndiyo nzuri. Tangu hapo nikipanda mlima wa Bugando na abiria, injini inalia tu, mwendo hakuna. Fundi wangu anasema nimwage niweke SAE 40 ya dizeli. Dukani wanasema 20W-50. Vijana wa bodaboda wanasema yoyote tu, mradi nibadilishe mapema. Nimsikilize nani?

Fundi_Buhongwa
Mkuu, hiyo ni klachi. Ila kabla hujailaumu oili, shika mkono wa klachi. Ncha yake inatakiwa icheze sentimita moja hadi mbili kabla haijaanza kuwa nzito. Kamba ikiwa imekazwa mno, hata ukiweka oili ya peponi itateleza.

Kamba ikiwa sawa, basi mshtakiwa ni hiyo 5W-30. Klachi ya gari la gia za mkono ni kavu, haionji oili ya injini, na gia zina oili yake. CG ni oili moja kwa kila kitu: inalainisha pistoni, inaogesha gia, inapita katikati ya pleti za klachi. Oili nyingi nyepesi za gari zimetiwa dawa ya kupunguza msuguano ili gari linywe mafuta kidogo. Sasa klachi bila msuguano itashika nini?

Geuza kopo usome nyuma. Ukiona duara limeandikwa Resource Conserving au Energy Conserving, rudisha kwenye shelfu. Unachotafuta ni JASO MA au MA2, alama za Kijapani za oili ya pikipiki ambazo klachi yake inakaa ndani ya oili. MB achana nayo, hiyo ni ya skuta ambazo klachi yake haikai ndani ya oili.

Mwana_Igoma
Nimecheki, kamba inacheza vizuri. Kwa hiyo pleti ndiyo zimekufa?

Fundi_Buhongwa
Si lazima. Mwaga oili ikiwa ya moto, weka yenye JASO MA, tembelea siku chache, mwaga tena. Mara nyingi klachi inarudi kushika. Ikigoma, fungua kava la kulia, toa pleti, zioshe kwa petroli, ziache zikauke. Zilizoungua utazijua kwa weusi na harufu, hizo nunua mpya.

Na ukishafungua hapo usifunge haraka. CG haina filta ya karatasi. Ina kichujio cha wavu, na kwenye ncha ya krenki kuna kikombe kinachozunguka na kubandika uchafu ukutani mwake. Mafundi wengi hawakigusi miaka na miaka. Utakuta tope limekakamaa kama ukoko wa ugali. Likwangue, ufute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Mtu akikwambia uioshe injini kwa mafuta ya taa, mkimbie. Yanalegeza tope lote kwa mpigo na kulipeleka kwenye matundu ya oili.

Mzee_wa_Nyamanoro
Vijana mnapenda kusoma makopo. Sisi miaka ya themanini hapa Mwanza tuliweka SAE 40 tu, na pikipiki nyingine zipo hadi leo. Fundi wake hajakosea.

Sato_Mbichi
Shikamoo mzee. Kwa upande wa uzito uko sahihi kabisa. Namba ya mwisho, yaani ile 40, inapimwa oili ikiwa nyuzi joto 100. Namba yenye W inahusu baridi, ya wenzetu wenye theluji. Hapa ziwani alfajiri ikiwa kali sana bado hata koti ni la kujidai tu. Iwe 10W-40, 20W-40 au SAE 40 tupu, injini ikishachemka zinakaribiana.

Tatizo ni dawa zilizomo ndani, na hapo kopo la leo si la mwaka 1984. Oili za dizeli nyingine zina JASO MA hiyohiyo nyuma ya dumu, hizo weka bila wasiwasi. Isiyo nayo ni kubahatisha.

Tena CG ina jambo lake. Tangu ilipotoka mwaka 1976 valvu zake zinasukumwa kwa fito, haina cheni ya taimingi, na kamu yake ina nundu moja tu inayoinua valvu zote mbili. Nundu hiyo ikilika, valvu zote zimeumia. Kinachoilinda ni zinki na fosforasi kwenye oili. Kuanzia daraja la API SM (kiwango cha ubora wa oili cha Marekani) la mwaka 2004, oili nyepesi kama 5W-30 zilibanwa fosforasi isizidi asilimia 0.08, ili kulinda mitambo ya kusafisha moshi kwenye eksozi za magari. Uzito wa 40 kwenda juu haukubanwa hivyo. Kwa hiyo hata klachi ingeshika, mimi 5W-30 nisingeiacha humo.

Ushauri wangu ni 10W-40 ya kawaida, isiyo sintetiki, yenye JASO MA. 20W-50 iweke kama inakula oili hadi unaongeza kila mara. Moshi wa asubuhi unaokata wenyewe mara nyingi ni sili ya valvu, oili nzito haitaitibu.

Mzee_wa_Nyamanoro
Marahaba. Hilo la nundu moja nalijua, nimeshabadilisha mbili.

Dada_Nansio
Nyongeza kutoka huku Ukerewe. Ya kwangu natembea nyumbani hadi sokoni tu, haichemki. Chini ya kifuniko cha oili ikaanza kuota kitu kama chai ya maziwa. Ni maji ya mvuke. Sasa siangalii kilomita, nabadilisha kwa miezi, na mara mojamoja naipeleka mbali ipate moto.

Halafu oili ya kupima kwenye madumu, hapana. Nyingine ni chafu iliyochujwa. Nunua kopo lenye sili, ukimaliza litoboe wasilijaze tena.

Mwana_Igoma
Wabeja sana wote. Naweka kiasi gani?

Fundi_Buhongwa
Kopo la lita moja linatosha, lakini usilimimine lote kwa mpigo. Isimamishe wima sehemu tambarare, futa kijiti, kichomeke bila kukifunga, ndiyo usome. Honda wanapima hivyo. Ukikifunga kinazama zaidi na kukudanganya kuwa imejaa. Ile chafu usimwage mtaroni, itaishia mto Mirongo na ziwani. Mafundi seremala wanaitaka ya kupaka mbao dhidi ya mchwa.

Kijana_Pasiansi
Na mimi mwenye Yamaha DT125, MA hiyohiyo?

Fundi_Buhongwa
Kwenye gia, ndiyo, maana klachi imo humo. Ila DT ni tu-stroku, injini inachoma oili yake pamoja na petroli. Tanki dogo la oili lijaze ya tu-stroku, iwe na JASO FC au FD. Usije ukakosea tundu.