Tupeane uzoefu: Actrapid, NovoRapid, Humalog, Fiasp... unachoma ipi, na unakula baada ya dakika ngapi?

Mwanzisha uzi
Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wenye kisukari wanaochoma insulini ya mlo (ile ya kukabili sukari ya chakula), au wanaomchomea mtoto, mzazi au mwenza. Wa vidonge karibuni kusoma.

Wengi wetu tumeanzishiwa Mixtard (insulini ya mchanganyiko) au Actrapid kwa sababu ndizo zinazopatikana. Halafu siku moja unabadilishiwa: dawa imekwisha, bima imegoma, au ndugu wa nje kaleta kalamu ya insulini. Maelezo unayopewa dirishani hayafiki hata dakika mbili. Sitaki mashindano ya ipi bora. Nataka tuambiane saa ya kuchoma, maana hapo ndipo watu wanapoumia.

Actrapid inataka kama nusu saa kabla ya kula. Nguvu yake inapanda kati ya saa la pili na la nne, na inaweza kubaki mwilini hadi masaa 8. NovoRapid, Humalog na Apidra zinaanza kazi ndani ya dakika 10 hadi 20, na nyingi zimekwisha baada ya masaa 3 hadi 5. Zote ni maji maangavu yasiyo na rangi, kwa hiyo ukiziangalia kwa macho huwezi kuzitofautisha. Haya, tiririkeni.

Fundi Simu
Mimi yalinikuta. Nilitoka Actrapid kwenda NovoRapid, muuzaji wa duka la dawa (silitaji) akaniambia "ni insulini ile ile, choma ulivyozoea." Nikachoma dukani kwangu, nikavuka barabara kwa mama ntilie. Wali haujaiva, nimekaa kwenye benchi nasubiri. Jasho likaanza kwenye paji la uso, mikono inatetemeka, yule mama anaongea namuona midomo tu. Dogo wa bodaboda ndiye aliyeniwahi na soda. Nilipopima baada ya kunywa kidogo sukari ya damu ilikuwa bado 2.9 mmol/L. Siku hizi sindano haitoki mfukoni mpaka sahani iko mezani.

Mama Nuru
Pole sana kaka. Kwangu ilikuwa kinyume chake. Mwanangu ana kisukari aina ya kwanza, yuko kwenye mpango wa insulini ya bure kwa watoto, na huko wanatoa hizi ziitwazo insulini za binadamu, Actrapid na ile ya kuchanganya yenye rangi ya maziwa. Tunashukuru, bila huo mpango sijui. Ila mchomee mtoto wa miaka minne, subiri nusu saa, halafu agome uji! Unabaki unambembeleza huku roho iko juu. Daktari alipomhamishia NovoRapid aliniruhusu kumchoma anapoanza kula, na akisumbua sana, mara tu baada ya kula. Kelele za asubuhi zimepungua nusu.

Mzee wa Ngamiani
Vijana, msiidharau Actrapid. Mimi mlo wangu ni ugali na maharage, na Actrapid inakwenda nao sambamba. Mwanangu aliniletea Humalog. Kwa chai na mkate ilikuwa safi. Kwenye pilau la shughuli, lenye nyama ya mafuta, sukari ilishuka kwanza, kisha usiku ikapanda, dawa imeshaondoka. Nilimweleza daktari, akanipangia upya.

Dada wa Leicester
Shikamoo mzee. Mimi natumia Fiasp. Ni insulini ile ile ya NovoRapid (inaitwa aspart), imeongezwa vitamini B3 ili iingie kwenye damu upesi zaidi. Unachoma unapoanza kula, au hata ndani ya dakika 20 tangu uanze. Kwangu inawasha kidogo pale inapoingia, wengine hawasikii kitu. Huku England anayechoma insulini halipii dawa, kwa hiyo sitawadanganya kuhusu bei. Na mkiletewa mzigo kutoka Marekani umeandikwa NovoLog, msishtuke, ndiyo NovoRapid.

Kijana wa Lindi
Bei tuiongee basi. Watu wanalinganisha kichupa na kalamu bila kugawanya. Kichupa cha mililita 10 kina uniti 1,000, kalamu ya mililita 3 ina 300. Piga hesabu ya uniti moja ndipo useme ipi ghali. Na ukishafungua, nyingi ni wiki nne tu, hata kama imebaki nusu. Huku umeme unakatika, mimi naweka kwenye mtungi wa udongo uliokaa ndani ya mchanga wenye maji. Msiiweke karibu na barafu, ikiganda, tupa.

Mama Nuru
Na mbadilishe sehemu za kuchoma jamani. Mwanangu alikuwa na kivimbe pajani, dawa inaingia pale haifanyi kazi vizuri, tukadhani imeharibika.

Fundi Simu
Kuna mtu kaniuliza inbox kama akibadilishiwa anaweka uniti zile zile. Ndugu, hilo mpigie wa kliniki kwako, si mimi. Nachojua ni kupima mara nyingi zaidi siku za mwanzo, na kutembea na sukari. Ikishuka chini ya 4, koroga sukari vijiko vidogo vya chai vitatu au vinne kwenye maji, kunywa, subiri dakika 15, pima tena. Usianze na chapati, inachelewa.

Mwanzisha uzi
Nyongeza: mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliziingiza insulini hizi za haraka, kundi la NovoRapid na Humalog, kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Zikifika hospitali za wilaya, wengi watabadilishiwa kwa mpigo, ndiyo maana kisa cha Fundi Simu nimekibandika juu. Bado sijapata mtu hata mmoja wa Apidra. Walioko Kenya, Uganda, Oman, mpo? Semeni unachoma lini, unakula nini, na usiku inakuwaje.