Tuko watu 9, tunataka meli ya kitalii, pesa ni kidogo: tuchukue vyumba gani?

BabaWatano
Wadau habari za jioni, naomba mnishauri kabla sijamwaga pesa. Kaka yangu aliyeko Uingereza amesema kila mwaka tunajazana kijijini Kyotera, huku Uganda, tunakula matoke na kurudi, sasa mwakani tupande meli ya kitalii, inatoka Barcelona siku saba, inapita Ufaransa na Italia inarudi palepale. Yeye atasaidia ndege, meli ni juu yangu. Tuko tisa: mimi na mama watoto, watoto watano (binti wa 16, kijana wa 13, wa 10, wa 7 na kachanga ka miezi minane), mama yangu mzazi ambaye nyumba nzima tunamwita jajja, na mdogo wake mke wangu ana miaka 24. Meli pekee niliyopanda maishani ni MV Kalangala ya Ziwa Victoria, Nakiwogo mpaka Lutoboka, masaa matatu na nusu umekaa kwenye kiti, hayo mambo ya vyumba siyajui kabisa.

Nimeona chumba cha ndani kisicho na dirisha ndo bei ya chini na kinalaza wanne, nikapanga nichukue viwili, wanne wanne, na kachanga tunakabana katikati yetu, nani atajua. Ila jajja kagoma. Ile meli ya MV Bukoba iliyozama Ziwa Victoria 1996 anaikumbuka kama jana, Kyotera na Bukoba ni majirani, kuna wachuuzi aliowajua hawakurudi. Kasema chumba kisicho na dirisha juu ya maji ni kaburi, yeye haingii. Na madirisha ya watu wote siyawezi jamani.

KilindiniMstaafu
Ssebo, mimi nilisafisha vyumba melini miaka minne kabla sijahamia huku Kampala, kwa hiyo nisikilize. Kwanza futa hilo wazo la kumbana mtoto katikati yenu. Kwenye meli kila kichwa kinahesabiwa hata cha kachanga, kwa sababu kila mtu ana nafasi yake kwenye boti ya kuokolea na kila chumba kimepangiwa kituo chake cha kukusanyikia. Chumba cha wanne ni cha wanne, wa tano mfumo wenyewe unakataa wakati wa kubuku. Na mwambie jajja hivyohivyo, hiyo MV Bukoba ilizama ikiwa imejaza watu kupita kiasi, sasa huku hata mtoto wa kubebwa hawamuongezi kiholela. Umri wa kachanga hauna shida, kampuni nyingi wanaanzia miezi sita.

Kwa hiyo ni vyumba vitatu, hukwepi. Lakini usilie bado. Bei ya meli iko hivi, watu wawili wa kwanza kwenye chumba wanalipa kamili, awe mtoto awe mkubwa, wa tatu na wa nne wanalipa kidogo. Kampuni za meli kama MSC na Costa mara nyingi wana ofa wale wa chini ya 18 wakiwa wa tatu na wa nne wanalipa kodi za bandari tu. Vyumba vitatu ni nauli kamili sita, uwapange utakavyo. Hata jajja akilala peke yake utalipa karibu ya watu wawili, maana chumba ndo wanachouza. Sasa si bora umpe mwenzake? Mimi ningepanga hivi: wewe na mama watoto na kachanga na wa miaka 7, chumba cha ndani. Shemeji na wa 13 na wa 10, cha ndani, mkabala na chenu. Jajja na binti wa 16, hicho kimoja tu chukua cha dirisha. Unaongeza tofauti ya watu wawili, si ya tisa.

Ila uliza kwanza, ofa zingine zinataka wakubwa wawili kwenye chumba ndo mtoto apunguziwe, hapo kwa shemeji inaweza kukugonga.

DadaBombo
Hapo kwa mkabala nakazia. Usikubali ile bei ya chini zaidi ambayo kampuni ndo inakuchagulia chumba, sisi tuliichukua tukaona tumeokoa, kumbe wametutupa deki tatu tofauti, yaani ghorofa tatu za meli, mimi na mume wangu tulikuwa tunapandishana ngazi usiku na chupa ya maziwa. Lipa hiyo ya kuongeza uchague namba mwenyewe.

Halafu ujue chumba cha ndani chenyewe kikoje. Mchana kuna vitanda viwili na kijimeza, jioni mhudumu anakuja anashusha vitanda vya juu kutoka darini na kangazi kake, zikishuka zote mbili huwezi kukaa wima kitanda cha chini, unaingia umeinama kama kuku anaingia kwenye kibanda. Ukizima taa ni giza la kweli, mtoto wangu aliamka saa nane usiku akaanza kuvaa viatu akidhani kumekucha. Tukajifunza kuwasha ile chaneli ya tivii inayoonyesha bahari kutoka mbele ya meli, tunapunguza mwanga, ndo dirisha letu. Choo kimoja watu wanne, pangeni zamu. Ukuta ni chuma kwa hiyo nunua vile vindoano vya sumaku hapo mjini kabla hujatoka, utatundika mabegi na taulo zote, sakafuni hakuna nafasi hata ya kandambili. Na pasi acha nyumbani, wataichukua mlangoni 😂

MwalimuMbale
Mmeongelea vyumba, mimi naongelea tarehe. Shule zetu zinafunga mwanzoni mwa Desemba mpaka karibu Februari, za Ulaya wanarudi darasani baada tu ya mwaka mpya. Kwa hiyo ukienda katikati ya Januari watoto wako bado wana likizo na wao hawana, hapo bei za vyumba zinashuka. Baridi ipo, na bahari inaweza kuchafuka, kwa hiyo chumba cha katikati ya meli deki za chini, jajja asitikisike.

Pia viza ya Schengen, ile moja ya kuingia Hispania, Ufaransa na Italia, ni euro 90 kwa mkubwa, 45 kwa wa miaka 6 mpaka 11, chini ya hapo bure. Kwako naona 90 mara sita na 45 mara mbili, euro 630, bado ada ya kituo cha maombi, na ukinyimwa hairudi. Angalia ratiba vizuri, meli ikigusa Tunis umetoka Schengen, unahitaji viza ya kuingia zaidi ya mara moja. Maombi ya viza kwanza, malipo makubwa ya meli baadaye.

BabaWatano
Banange, asanteni sana. Kwa hiyo hakuna kingine cha siri tena?

KilindiniMstaafu
Bahashishi ya wahudumu. Kwenye hizi za Mediterania wanakukata karibu euro 11 au 12 kwa siku kwa mkubwa, kila siku, na wengi binti wa 16 wanamhesabu mkubwa. Weka kwenye bajeti. Na ukichagua namba ya chumba tazama ramani ya meli, usichukue chini ya deki ya bwawa, alfajiri wanaburuta viti juu ya kichwa chako. Cha jajja kiwe karibu na lifti ila si mlango kwa mlango.

BabaWatano
Nimeongea na jajja leo baada ya chai. Nimemchorea kwenye daftari la mtoto, vyumba vitatu, chake kina dirisha. Kaangalia muda mrefu, akauliza boti za kuokolea ziko upande gani, nikamwambia pande zote mbili. Akasema sawa, lakini dirisha atalifungua apate hewa. Hapo nikanyamaza.

KilindiniMstaafu
Halifunguki hilo. La kufungua ni mlango wa balkoni, na bei yake ni nyingine kabisa.

DadaBombo
Mwambie kabla hujalipa kianzio.

BabaWatano
Kesho. Leo kafurahi.