Naomba ushauri: kazi imepatikana, lakini nyumbani nitamwachia nani?

Jambo wamama na wadada, na wababa pia. Niko Kadutu, hapa mjini Bukavu, Kongo. Nilisomea uhesabuji, na kisha miaka minne ya kutafuta nimepata kazi Ibanda: saa moja na nusu asubuhi hadi saa kumi jioni, mkataba na mshahara kila mwezi.

Shida ni nyumbani. Mama mkwe alipatwa na kiharusi, mkono wa kuume hausogei. Saa kumi ya usiku niko kwenye foleni ya maji na bidoni nne. Nikirudi, ninawasha makala, ninamwosha, ninamlisha uji kijiko kwa kijiko, na haendi mbio, anachoka kumeza. Kisha watoto wawili wa masomo. Hiyo yote haiitwi kazi, kwa sababu hakuna anayeilipa.

Nimejaribu. Wifi alikuja siku tatu, akarudia biashara yake. Mwajiri nilimwomba nianze saa tatu, akasema nitakuwa kibarua wa nusu siku, bila mkataba. Mume hakatai, ila shemeji wanasema bila ruhusa yake siwezi kusaini. Mimi najua Sheria ya Familia ilirekebishwa mwaka 2016, na ruhusa hiyo ikaondolewa.

Naomba mnijibu haya mawili. Nikubali kibarua, ao nishikilie mkataba? Na ninyi mliouguza mzee huku mkifanya kazi, mliwaambia nini ndugu za mume mpaka wakakubali kugawana zamu?